Shamba la Nyumbani: Msitu wa Chakula kwenye Ploti ya Mita 30 kwa 30

Mwezi uliopita tuliongea juu ya mboga za kwenye gunia, na wengi mmenisimamisha njiani kunionyesha magunia yenu. Asanteni. Mwezi huu tunaenda mbele kidogo. Tunataka kuongea juu ya msitu wa chakula, yaani kupanda miti ya matunda, migomba, mboga na mizizi pamoja kuzunguka nyumba, kila kimoja kikimsaidia mwenzake.

Lakini kabla ya jembe, kuna swali. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya maji, naongea habari za miche. Mama mmoja, kati ya waliokimbia Goma ilipotekwa mwezi wa kwanza 2025, akaniambia: "Baba, mimi nipande avoka ili iweje? Siku itakapozaa nitakuwa wapi?" Watu wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Nilibeba jerikani yangu nikarudi nyumbani na lile swali. Leo najaribu kumjibu, na nadhani si yeye peke yake anayeuliza.

Avoka ya kisimani

Wote mnaujua ule mti wa avoka karibu na kisima cha upande wetu. Shina lake mtu mmoja hawezi kulikumbatia. Nani aliupanda? Si sisi. Tulipofika ulikuwa mkubwa tayari. Wenyeji wa hapa wanasema uliachwa na familia ya Wanyarwanda. Wengi wao walikimbilia Uganda kuanzia mwaka 1959, wakakaa zaidi ya miaka thelathini, na baada ya 1994 wakarudi kwao. Huyo baba au mama aliyezika ile kokwa, jina lake hatulijui. Pengine alikula matunda yake miaka ishirini, pengine hakula hata moja. Lakini watoto wetu wanakula kila msimu, na kivuli chake ndicho tunachopangia foleni.

Kulikuwa na mti wa pili, wale wa zamani mnaukumbuka. Mwaka 2023, watu walipogawanywa kwa makundi ya mahitaji na wengine mgao wao ukapungua sana, jirani yangu aliukata akachoma makaa. Simlaumu. Alikuwa na watoto wenye njaa, na makaa yalileta unga siku ileile. Ila mwaka huu alikuja kwangu kuomba kokwa za kupanda. Alisema neno moja tu: "Ule unga uliisha wiki tatu." Nikampa kokwa sita.

Kwa hiyo, mama wa kwenye foleni, jibu langu la kwanza ni hili. Panda vitu vya kula mwezi ujao, vya kula mwakani, na mti mmoja wa kula baadaye, vyote siku moja na mahali pamoja. Ukiondoka kesho, umekula mboga. Ukiondoka mwakani, umekula ndizi na papai. Ukikaa, una avoka.

Jambo hili si geni kwetu

Kuna watu wanadhani msitu wa chakula umeletwa na wazungu wa mashirika. Hapana. Mtoto wa Masisi, wa Kalehe au wa Beni anajua nyumba ya kwao ilivyokuwa imezungukwa na migomba, na chini yake maharage, magimbi na maboga. Hapa Uganda, Waganda wana olusuku, shamba la migomba mlangoni kwa mama, na ndani yake kahawa na mutuba. Mutuba ndio mti ule ambao gome lake linatengenezwa kitambaa, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005.

Na kule Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga wana kihamba. Juu kuna miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na majani ya ng'ombe. Ng'ombe anakaa zizini, analetewa majani, na samadi yake inarudi kwenye migomba. Mwaka 2011 FAO iliweka kihamba cha Shimbwe Juu kwenye orodha ya mifumo ya kilimo ya urithi wa dunia. Siri yake si kubwa. Ardhi haikai wazi na kitu hakitupwi. Jani likianguka, linaoza palepale na kuwa mbolea.

Kupanga ploti

Tuchukue ploti ya mita 30 kwa mita 30, kama wengi walivyopimiwa. Hiyo ni mita za mraba 900. Ondoa nyumba, jiko, bafu, choo na uwanja wa watoto. Kinachobaki si kikubwa, na hapo ndipo watu wanakosea: wanapanda kila mti wanaopewa. Nami nilikosea hivyo, nitawaambia.

Fikiria ghorofa. Ghorofa ya juu ni miti mikubwa: avoka, embe, fenesi (hapa wanaliita fene). Ya pili ni migomba, mapapai, mapera na machungwa. Ya tatu ni mbaazi, muhogo wa sombe, bilinganya na pilipili. Ya nne ni mboga za chini: lengalenga, sukuma wiki, maharage. Halafu kuna vinavyotambaa, kama maboga na matembele, ambavyo vinafunika udongo usikauke. Chini ya ardhi kuna magimbi, viazi na tangawizi. Na marakuja inapanda juu ya uzio au juu ya mti mwingine.

Kwa ploti yetu, miti mikubwa ni MIWILI TU. Mitatu ikizidi sana. Avoka na fenesi zinataka mita 8 hadi 10 kila upande. Embe vilevile. Mche ni mdogo kama kijiti, ndiyo maana unatudanganya.

Wapi tuiweke? Hapa tuko karibu na mstari wa ikweta. Jua linatoka mashariki, linapita juu ya kichwa, linazama magharibi. Kivuli cha asubuhi kinalala magharibi, cha jioni mashariki. Kwa hiyo mti mkubwa ukae upande wa kaskazini au wa kusini wa ploti, hapo mboga zako zitapata jua muda mrefu zaidi. Uweke kama mita 5 kutoka mpaka wa jirani, na uongee naye KABLA ya kuchimba. Kesi nyingi za matawi na majani tunazosikia kwa wenyeviti wa blok zilianza na mche ambao hakuna aliyeuongelea.

Sasa kosa langu. Nilipanda fenesi hatua tatu kutoka nyumba, eti nipate kivuli haraka. Mwaka wa nne mizizi ilifika ukutani, na nyumba ni ya udongo. Ukuta ukapasuka. Mwaka wa sita, mti umeanza kuzaa, mafenesi manne yamening'inia kwenye shina, ilibidi nichague kati ya mti na nyumba. Niliukata mwenyewe kwa panga na shoka, siku nzima, watoto wamesimama wanaangalia. Mdogo wangu wa mwisho hakuongea nami hadi kesho yake. Mti mkubwa na nyumba ya udongo, mita 8 au zaidi. Pima kwa kamba, usipime kwa macho.

Tuanze na nini?

Mvua za mwezi wa tisa zinakaribia. Wiki hizi ndizo za kuchimba mashimo na kuandaa mbegu.

*Vya miezi miwili mitatu.* Lengalenga, maharage, maboga, matembele. Hivi vinapandwa katikati ya miche ya miti. Mti bado mdogo, jua liko tele, kwa hiyo misimu miwili mitatu ya kwanza ploti inakuwa shamba la kawaida. Hupotezi kitu.

*Vya kabla ya mwaka.* Papai linaweza kuzaa baada ya miezi 8 hadi 10. Panda mbegu tatu au nne kila shimo, maana mapapai mengi yana dume na jike. Yakianza kutoa maua, utaona: dume lina maua madogo mengi kwenye vijiti virefu, jike lina maua makubwa yaliyoshikamana na shina. Ng'oa madume, bakiza moja kwa shamba zima. Mbaazi nayo ni rafiki: inazaa, inalisha udongo kwa mizizi yake, na vijiti vyake ni kuni. Ukiitunza inakaa miaka kadhaa.

*Vya mwaka au mwaka na nusu.* Migomba. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, weka udongo wa juu uliochanganywa na samadi au mboji, panda chipukizi. Nafasi ni mita 3. Kila shina liache watu watatu tu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine ondoa, la sivyo utapata mikungu midogo kama ngumi.

*Vya baadaye.* Pera miaka miwili mitatu. Embe na avoka za kubebeshwa miaka mitatu minne, za kokwa miaka mitano na kuendelea. Fenesi miaka minne na kuendelea.

Kokwa ni bure, tuzitumie. Lakini kokwa ya avoka na mbegu ya fenesi hazikai. Zikikauka zimekufa. Zipande wiki ileile ulipokula tunda. Kokwa ya avoka, upande mpana ukae chini, ncha ichungulie juu ya udongo. Mbegu ya fenesi ipande moja kwa moja mahali pake pa kudumu, kwa sababu mzizi wake mkuu hapendi kuguswa. Ya embe, toa ganda gumu la nje taratibu kwa kisu, panda ile ya ndani. Paketi kuukuu ya unga au ya maziwa, iliyotobolewa chini, ni kitalu tosha.

Mduara wa migomba: maji ya kuoga yawe ndizi

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Chimba shimo la duara, upana mita 2, kina karibu mita 1. Udongo unaotoka uweke pembeni kuzunguka shimo kama tuta. Jaza shimo kwa takataka za shambani: mabua, magugu, majani, maganda ya ndizi na ya viazi. Usiweke plastiki wala betri. Kwenye tuta panda migomba minne au mitano, katikati yake magimbi, na matembele yatambae kwa nje. Halafu elekeza maji ya bafu na ya kuosha vyombo yaingie humo.

Faida zake tatu: maji machafu hayasimami uwanjani kuzalisha mbu, takataka zinapungua, na migomba inakunywa hata kiangazi. Kila takataka zikishuka, ongeza nyingine. Ila angalieni: maji ya CHOO hapana, na duara likae mbali na choo na mbali na kisima. Watoto wadogo wasicheze karibu kabla shimo halijajaa.

Kwa miche iliyo mbali na bafu, tumia chupa ya plastiki. Toboa tundu dogo kwenye kizibo, ifukie kichwa chini karibu na mzizi, kata kitako chake, mimina maji humo. Maji yanashuka taratibu kwenye mzizi, hayapotei juani.

Funika udongo kwa majani makavu, haya ndiyo matandazo. Lakini yasiguse shina. Acha upana wa kiganja, maana mchwa wanapenda njia ya giza.

Adui watatu

*Mbuzi.* Mbuzi mmoja kwa asubuhi moja anaweza kumaliza kazi ya mwaka. Kila mche uwe na kizimba chake cha miiba au vijiti tangu siku ya kwanza. Anayepanda mnyaa kama uzio akumbuke kwamba maziwa yake yakiingia machoni ni hatari, hasa kwa watoto.

*Mnyauko wa migomba.* Huu ni ugonjwa mbaya wa bakteria. Hapa Uganda ulionekana mwaka 2001, na Masisi kwetu pia uliingia miaka hiyo, wengi mnakumbuka mashamba yaliyokwisha. Dalili: majani yanakuwa ya njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani ina rangi ya kahawia, na shina lililokatwa linatoa usaha wa njano. Dawa ya kupuliza hakuna. Kinga ni hizi. Moja, mkungu ukishatoa kichana cha mwisho, vunja lile ua jekundu linaloning'inia chini, kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, maana wadudu hubeba ugonjwa kupitia hapo. Mbili, panga ukilitumia kwenye shamba la mtu mwingine, lipitishe motoni hadi lipate moto kweli kabla ya kugusa lako. Tatu, chipukizi chukua kwa mtu ambaye shamba lake umeliona kwa macho yako. Shina lenye ugonjwa likatwe chini kabisa, lisiburuzwe kupita katikati ya mazima.

*Haraka.* Huyu ndiye adui wa tatu. Msitu wa chakula hauondoi njaa ya wiki hii. Nasema wazi, kwa sababu nimesikia watu wakiahidiwa mengine. Mita za mraba 900 hazilishi familia ya watu saba mwaka mzima, hata zikipandwa vizuri namna gani. Unga na maharage bado tutavitafuta, kwa kibarua, kwa biashara ndogo, kwa shamba la kukodi kwa wenyeji. Lakini mgao umekuwa ukipungua: Aprili 2020 ulikatwa asilimia 30, mwezi wa pili 2021 ukabaki asilimia 60, na mwaka 2025 watu karibu milioni moja nchini humu waliondolewa kabisa kwenye msaada wa chakula. Mama mwenye papai, lengalenga na sombe mlangoni hajashiba kwa hivyo, ila watoto wake wanakula ugali wenye mboga, siyo ugali na chumvi. Papai na embe zina vitamini A ya macho. Na matawi ya mbaazi yanapunguza safari za binti zetu kwenda porini kutafuta kuni. Hilo peke yake kwangu linatosha kupanda.

Na ardhi je, ni ya nani?

Swali hili linarudi kila mara. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 na kanuni zake za 2010, ploti tunapewa kuitumia, sisi na familia zetu. Hatuna haki ya kuiuza, kuikodisha wala kuiweka rehani. Kwa hiyo mtu akikuambia nunua ploti hii ina miembe, ujue anakuingiza kwenye matatizo. Kabla ya kupanda miti mikubwa karibu na barabara au mpaka, uliza kwanza ofisini au kwa mwenyekiti wa blok. Na ukihama, usikate. Mkabidhi jirani mbele ya mashahidi wawili, mwambie ni mti gani unataka maji.

Najua kuna uchungu hapo. Baba mmoja mzee aliniambia kwamba kupanda mti hapa ni kama kukubali kwamba hatutarudi. Nimelifikiria sana neno lake. Mimi naona hivi. Wale Wanyarwanda wa kisimani walipanda, na bado walirudi kwao. Mti haukuwafunga miguu. Na wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu ilipita zamani.

Kazi ya mwezi huu

1. Pima ploti kwa kamba. Chora kwenye karatasi ya daftari: nyumba, choo, kisima, jua linapotoka.
2. Chagua miti mikubwa miwili tu. Ongea na jirani.
3. Chimba mashimo sasa, yajaze mboji, mvua ikute yako tayari.
4. Anza mduara mmoja wa migomba karibu na bafu.
5. Kila mtoto apewe mche wake, aupe jina, aujengee kizimba. Watoto hawasahau kumwagilia kitu chenye jina.

Mama wa kwenye foleni, kama umesomewa makala hii, nina miche minane ya avoka kwenye paketi za unga nyuma ya nyumba yangu. Miwili ni yako. Njoo na kikapu, na uje na lile swali lako pia, tutaendelea kuliongea tukichimba.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kutunza mbegu ili panya na unyevu visizimalize. Wenye maswali wayaandike kwenye karatasi wayaache kwa mwalimu wa kujitolea pale shuleni, nami nitayajibu hapahapa.

Mungu abariki mikono yenu.

Mkulima mwenzenu.